Mwaka Niliolima kwa Sauti

Hadi leo nikifumba macho nausikia mlio wa majembe kutoka ndani ya sufuria. Simu ilikuwa imewekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kubwa, sufuria iko juu ya meza ya jikoni huku Al Mankhool, Dubai, na kutoka humo majembe ya akina mama wa kwetu Ukambani yanaingia kwenye udongo mkavu kwa pamoja, kh, kh, kh, kama kifua kikubwa kinachopumua. Mara mojamoja jembe linakuta jiwe, linalia ting, na mtu anacheka. Nimesikia sauti nyingi nzuri katika huu mji, hata chemchemi zinazocheza muziki watu wakizirekodi, lakini nikiambiwa nichague moja ya kwenda nayo, nitachukua hiyo.

Niliikumbuka sana wiki iliyopita kwa sababu ya Nekesa. Nekesa tulikaa naye chumba kimoja. Yeye alikuwa askari wa mlangoni katika mnara mmoja kule Jumeirah Lakes Towers, nami nilikuwa mhudumu wa mkahawa chini ya mnara wa pili, kwa hiyo wiki ambazo hakupangiwa zamu ya usiku tulikuwa tunakwenda pamoja na kurudi pamoja, na kwa siri nilimpelekea kahawa iliyokosewa oda. Alikwisharudi kwao Bungoma, ana duka lake, ana mwili, na safari hii alikuwa anapita tu Dubai kumwona dada yake. Tulipanga kukutana kwenye mkahawa mmoja kando ya ziwa lililo katikati ya minara ile. Aliponiona tu, hata mkoba hajauweka chini, akainua mikono kama aliyeshika mpini na kusema, "Mkulima wa simu, tupa juu." Tulicheka mpaka kijana wa kuhudumia akaja kuuliza kama tuko sawa. Nekesa akamwambia, "Tuko sawa. Huyu dada unamwona hapa alilima mlima mzima akiwa amevaa aproni." Kijana akatabasamu vile tulivyokuwa tunatabasamu sisi wateja wakituambia mambo tusiyoyaelewa.

Chumba chetu cha wakati ule kilikuwa na vitanda vya ghorofa na kila kitanda kina pazia lake, kwa hiyo ukilala unasikia maisha ya watu bila kuwaona: huyu anabembeleza mtoto aliye Kisii, huyu anamwambia mtu inshallah mwezi ujao, yule anasali, Nekesa anakoroma. Mimi nilikuwa na bahati ya dirisha. Chini ya dirisha, kwenye kipande cha mchanga nyuma ya jengo, palikuwa na mti mmoja mwembamba ambao sikuwahi kulijua jina lake, na bomba la maji ya eisii, vile viyoyozi vya jengo zima, lilimwagia hapo hapo. Maji yale yalikuwa yamechimba mfereji mdogo unaopita pembeni mwa mti na kubeba mchanga hadi kwenye lami, na kila asubuhi mlinzi wa jengo alizoa mchanga ule kwa ufagio na kuutupa kwenye pipa. Niliutazama mfereji ule kila siku bila kufikiri kitu.

Halafu masika ya mwaka ule yakapiga kwetu. Mvua ilinyesha kama iliyosahau kusimama, na lile shamba nililoachiwa na nyanya yangu, lililo kwenye mteremko, likapasuka katikati. Nilitumiwa picha nikiwa kazini. Korongo limeanzia juu kwa jirani likashuka mpaka mtoni, jekundu, limelipasua shamba kama mkate uliovunjwa kwa mikono. Nilikwenda stoo nikakaa juu ya katoni ya maziwa. Shamba lile ndilo lililokuwa linaniamsha asubuhi. Sikusoma mbali, niliishia kidato cha pili, lakini ndoto yangu ilikuwa na ramani kamili: michungwa mistari mistari, na pale juu kabisa kibanda cha chai chenye viti vya rangi, ambapo mtu akipanda kilima anapata kikombe na kuona dunia. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi za viti. Na sasa kila aliyeona picha alisema jambo moja, kwamba mvua za vuli zikilikuta korongo lile liko wazi, nusu ya shamba itakwenda na maji.

Aliyeleta habari njema ni Mama Mutanu, kiongozi wa mwethya, lile kundi la kazi la kina mama ambalo hulima leo kwako, kesho kwangu. Huwa anatuma ujumbe wa sauti mrefu na wa taratibu, kuku wakiwa nyuma yake. Alisema chifu ameita baraza. Serikali imetoa ruzuku ya dharura ya kuokoa udongo kwa wakulima walioharibiwa mashamba, na watu wameshaipa jina, wanaiita ya matuta. "Lakini hawalipi maneno, Mwende," akasema. "Mkulima kwanza achimbe matuta ya fanya juu, udongo utupwe upande wa mlimani, apande nyasi za kuushika. Halafu afisa aje aone. Akiridhika, wanakurudishia sehemu ya gharama, na wenye makorongo wanapewa waya wa kufungia mawe ya kuyaziba." Nilimjibu haraka kwamba nitatuma pesa wachukuliwe vibarua. Jioni ndipo alipojibu, safari hii bila kuku. "Vibarua hapana. Wanataka kazi ya kikundi, na mkulima awe mmoja wa wanaofanya kazi kwenye kikundi. Na hata wangekubali wao, sisi je? Utachimbiwaje na watu ambao hujawahi kuwachimbia?"

Nilimchezeshea Nekesa ujumbe ule tukiwa tunapika. Akauliza swali la mtu wa Bungoma ambaye kwao ni tambarare: matuta yenyewe ni nini hasa, si ni mitaro tu? Nikamwambia ngoja. Nilipopakua ugali niliuacha umesimama kama kilima, nikachukua kijiko nikakata ngazi kuuzunguka, kila ngazi na ukingo wake, kisha nikamimina mchuzi wa kunde kutoka kileleni. Mchuzi ukashuka ngazi ya kwanza ukatulia, ukajaa, ukashuka ya pili polepole, ukatulia. Hakuna hata tone lililofika kwenye sahani. Wenzetu wawili walitoa vichwa kwenye mapazia kuangalia. Nekesa alitazama kilima kile kwa heshima, halafu akamega ngazi ya chini akala. "Sasa nimeelewa," akasema. "Na kwani kwenye mwethya wote wanashika jembe? Hakuna hata mmoja anayesimama tu?" Nikasema yupo mmoja, mwimbishaji. Yeye hashiki jembe, anasimama kwenye kichwa cha mstari akiimba, na majembe yanamfuata. Nekesa akaacha kutafuna. "Na mwimbishaji wenu ni nani?" Nikamwambia alikuwa nyanya yangu, na tangu afariki hawajampata wa kudumu, wanaimba kila mtu na lake.

Nilimpigia Mama Mutanu usiku huo huo nikamwomba niwe mwimbishaji. Sikuomba kuimba kwenye shamba langu peke yake. Niliomba kuimba kwa kila mwanachama, kila siku ya kazi, mpaka zamu yangu ifike. Alicheka kwa muda mrefu, nikasikia anamweleza mumewe, mumewe naye akacheka. Kisha akasema, "Simu yangu haina chaji ya mchezo. Ukianza usiniache njiani."

Siku ya kwanza niliimbia kwenye ngazi za jengo, kabla ya zamu yangu kazini, simu mdomoni. Kule walikuwa wameiweka simu ndani ya sufuria juu ya kichuguu. Wimbo niliutunga mwenyewe, rahisi, wa kuitikia. Mimi: udongo unakwenda wapi? Wao: unarudi juu. Mimi: nani ameurudisha? Wao: ni mkono wangu. Basi niliimba, wakaitikia, na kitu cha ajabu kikatokea. Sauti yangu ilikuwa inafika kwao imechelewa kidogo, na yao inanifikia imechelewa kidogo. Mimi nawasubiri wao, wao wananisubiri mimi. Kila mzunguko wimbo ukawa mzito zaidi, majembe yakining'inia hewani yakingoja amri, hadi ukawa kama tunasindikiza maiti. Mwishowe mmoja wao, Syombua, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwende, huko Dubai mnalima na konokono?" Na kabla sijajibu, mlango wa nyumba ya chini ulifunguka.

Alikuwa Bi Zuwena. Nilikuwa namwona tu akiingia na kutoka, mtu mzima, familia yao ilitoka Unguja zamani sana, na mwanawe alikuwa na duka la viungo kule Al Ras. Alisimama na kanga yake mabegani akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Mwanangu, ndo wewe unolia hapa? Mie nkadhani umefiwa, nshaanza kukutilia chai." Nilimwomba radhi nikamweleza, shamba, ruzuku, mwethya, wimbo unaochelewa. Alisikiliza huku mkono uko kwenye kitasa. Mwisho akasema, "Ingia ndani. Mambo ya kuimba hayafanywi ngazini."

Jiko la Bi Zuwena lilikuwa dogo na lilinukia hiliki mpaka kwenye mapazia. Mwanawe alikuwa na mashine ya kusagia dukani, lakini yeye hakuiamini, na kila asubuhi alitwanga mwenyewe viungo vya nyumbani kwa kinu cha mti. Alinikalisha, akanipa chai ya maziwa na kipande cha mkate wa ufuta, akachukua mchi. "Sikiliza. Kosa lako unawasikiliza. Ukiwasikiliza wao wanakusikiliza weye, nani atatangulia? Zima sauti yao. Mie ntatwanga, weye ufuate kinu, wao wakufuate weye." Nikasema, lakini Bi Zuwena, nikizima sitawasikia kabisa. Akasema, "Ushakwenda ngoma ya harusi? Yule mwimbaji anasikiliza wageni? Yalla, imba."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyofikiri, kuwaimbia watu wa kwetu bila kuwasikia. Natazama simu iliyo kimya ndani ya sufuria ya Bi Zuwena, mchi unapanda na kushuka, ninauliza udongo unakwenda wapi na hakuna anayenijibu. Naacha nafasi ya jibu tu, kwa imani, kisha nauliza tena. Nilipofika mwisho Bi Zuwena akasema, "Haya, fungua." Nikafungua sauti. Na hapo ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza: kh, kh, kh, majembe yote pamoja, yanaendelea yenyewe kwa mwendo niliowaachia, mwendo wa kinu cha Unguja kwenye mteremko wa Ukambani. Bi Zuwena alikuwa amesimamisha mchi hewani. Halafu Syombua akasema kutoka ndani ya sufuria, "Konokono amekufa. Endelea."

Basi tukaendelea. Miezi yote ya joto, wakati Dubai huwezi hata kushika kitasa cha mlango bila kuruka, mimi asubuhi za kazi za mwethya nilikuwa jikoni kwa Bi Zuwena nikilima. Nililima kwa Syombua, nikalima kwa mama wa watoto mapacha, nikalima kwa mzee ambaye nilimwogopa utotoni na ambaye sasa alikuja kwenye simu kunishukuru. Bi Zuwena alijua mashamba yote kwa majina. "Leo wapi, kwa yule bibi mwenye punda?" Siku nyingine alitwanga hiliki ambayo haikuhitaji kutwangwa tena, ilishakuwa vumbi. Mwanawe alilalamika kwamba nyumba ina hiliki ya kutosha mji mzima, akajibiwa, "Nyamaza, watu wanalima." Nekesa aliporudi kutoka zamu ya usiku alipitia pale kula mkate wa ufuta na kuitikia kwa Kibukusu, na kina mama kule wakaitikia kwa kumwiga, wakidhani ni Kiarabu.

Zamu yangu ilifika mwishoni, mvua za vuli zikiwa tayari zinanukia kwa watu wanaojua kunusa. Walichimba matuta yote ya shamba langu isipokuwa la chini kabisa, wakapanda nyasi, wakaliacha korongo, kwa sababu hilo lilihitaji mawe na ule waya wa serikali. Afisa wa kilimo aliahidi kuja asubuhi ya Alhamisi. Mimi na Bi Zuwena tulijiandaa kwa ajili ya Alhamisi, yeye hata alinunua hiliki mpya. Afisa akaja Jumatano mchana.

Nilikuwa kwenye mashine ya kahawa, foleni imefika mlangoni, simu inatetemeka kwenye aproni. Nilipoona ni Mama Mutanu nilimwomba Madam Grace, msimamizi wetu kutoka Ufilipino, dakika moja tu, nikaingia stoo. Kwenye simu aliniweka nisikie. Afisa alikuwa msichana wa umri wangu, sauti ya upole lakini ya kikazi. Alikuwa anasema matuta ni mazuri sana, ila haoni mkulima. Mama Mutanu akasema, "Huyu hapa, kwenye sufuria." Afisa akasema, "Mama, hiyo ni simu." Syombua akasema, "Si simu, ni Mwende. Simu ni yake Mutanu." Wakacheka, na afisa naye akacheka, lakini akarudi pale pale. "Naelewa. Lakini nimetumwa kuona kama mkulima anafanya kazi na kikundi. Mtu aliye Dubai akipata, kila mwenye shamba aliye Nairobi atataka apate akiwa amelala. Nitawaambia nini?" Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Nilitazama katoni za maziwa nikaziona zikisombwa na maji.

Mama Mutanu akasema, taratibu kama kawaida yake, "Usimwambie mtu kitu. Tumebakiza tuta moja la chini hatujalimaliza. Kaa pale uangalie kama huyu anafanya kazi au amelala." Kisha akaniinamia kwenye sufuria. "Mwende, simama kwenye kichwa cha mstari."

Sikuwa na kinu. Bi Zuwena alikuwa ng'ambo ya mji. Nilitoka stoo, nikaenda kwenye mashine, nikachukua ule mpini wa chuma wa kahawa ambao huwa tunaugonga kwenye pipa ili machicha yatoke, nikazima sauti ya simu, nikaanza kugonga. Tok. Tok. Tok. Foleni yote ikaniangalia. Nikaimba. Udongo unakwenda wapi? Nikaacha nafasi. Nani ameurudisha? Nikaacha nafasi. Katika nafasi ile ya kimya nilisikia mashine ya barafu, na viatu vya Madam Grace vikija nyuma yangu, na moyo wangu. Nikajua ananisimamisha. Alisimama kando yangu, akaangalia simu, akaangalia mpini, akageuka kwa wateja na kuwaambia kwa Kiingereza chake cha kuimba kwamba kahawa itachelewa kidogo, kuna jambo la familia. Halafu kwangu, "Yalla, malizia." Mlangoni, kwa nje ya kioo, Nekesa alikuwa amesimama na sare yake ya ulinzi, mikono nyuma, akiitikia kwa midomo tu.

Niliimba mpaka nikahisi tuta linakaribia kuisha. Sijui kuelezea, baada ya miezi ile mtu anajua. Nilifungua sauti. Majembe yalikuwa yanapiga, kh, kh, kh, na katikati yake palikuwa na jembe moja linalochelewa, lenye mkono mgeni. "Nani huyo anaharibu?" nikauliza bila kufikiri. Syombua akajibu, akihema kwa kicheko, "Ni serikali. Amevua viatu." Na sauti ya afisa ikasema kutoka mbali kidogo, "Nimeona anayefanya kazi, mama. Mimi ndiye sijazoea." Madam Grace akauliza, "Khalas?" Nikasema khalas, nimemaliza, nikageukia foleni. Bwana wa kwanza alikuwa anataka maziwa ya lozi, na aliniachia bakshishi bila kusema neno.

Waya ulifika, mawe yakabebwa, korongo likafungwa vizuizi ngazi baada ya ngazi, na mvua zikaja. Niliogopa kupiga simu. Mama Mutanu ndiye aliyenipigia, asubuhi, nikiwa nimekaa kitandani nafunga kamba za viatu. Hakunisalimu. "Imenyesha tangu jana. Nimesimama kwenye shamba lako. Sikiliza." Niliibandika simu sikioni. Masika yaliyopita, mtu akipiga simu kutoka pale, korongo lilikuwa linanguruma mpaka husikii maneno. Nikasikiliza, nikasikiliza tena. Nikamwambia, "Mama, sisikii kitu." Akasema, "Ndiyo hivyo." Tukasikiliza wote wawili maji yaliyokaa mahali pake.

Wenzangu walikuwa wamelala nyuma ya mapazia yao na Nekesa alikuwa bado yuko lindoni. Nilitaka kumwambia mtu na hapakuwa na mtu. Nikachukua kijiko cha kupakulia ugali, nikashuka ngazi polepole nikiupita mlango wa Bi Zuwena, ambako mchi ulikuwa haujaanza, nikazunguka nyuma ya jengo. Bomba la eisii lilikuwa linamwaga kama kawaida, maji yanapita pembeni mwa ule mti mwembamba na kukimbilia kwenye lami na mchanga wake. Nikapiga magoti. Nikachimba kwa kijiko mstari mfupi kukata njia ya maji, nikautupa mchanga upande wa juu, nikaushindilia kwa kiganja. Maji yakaja, yakagonga ukingo, yakasitasita, yakageuka, yakaanza kujaa taratibu kwenye mizizi. Nilikaa pale nikayatazama mpaka yalipotulia, kisha nikafuta kijiko kwenye aproni nikaenda kazini.